Mali ya Kampuni

Mgeni hajakaa vizuri kwenye kochi, Bata akamwaga chai.

Hakummwagia yeye, alilimwagia kochi, shubiri moja kutoka kwenye sketi yake. Chai ya moto ya maziwa, nusu kikombe. Binti wa watu akaruka kama aliyekalia siafu, mkoba wa makaratasi kaukumbatia kifuani. Bata akabaki na kikombe chake mkononi, anatabasamu, anasubiri, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Kitambaa hakikuinywa ile chai. Ilijikusanya matone matone kama shanga zilizokatika uzi, ikabingirika hadi ukingoni, ikadondoka sakafuni, na kochi likabaki kavu kama halijawahi kusikia habari za chai.

"Umeona?" akasema Bata. "Mwaka wa kumi na moja huu. Halijafuliwa hata siku moja."

Mchezo huo hakuna mgeni aliyeukwepa. Wakwe zake walifanyiwa, mwenyekiti wa mtaa alifanyiwa, na mtu wa bima alifanyiwa asirudi tena. Bata alifanya kazi kiwanda cha maturubai na miavuli, kwenye tangi la kuchovyea vitambaa ili visilowe, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mvua ikiwakuta wafanyakazi wanatoka getini, wenzake wote wanakimbia na mifuko kichwani, yeye anatembea taratibu katikati ya barabara, maji yanateleza kwenye koti lake hadi viatuni, mkavu. Ndiyo maana akaitwa Bata. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Lakini mgeni huyu hakucheka. Alikuwa daktari kijana, mmoja wa wale waliopita miezi miwili nyuma kuchukua damu ya kila anayeishi jirani na kiwanda. Aliinama, akagusa kitambaa cha kochi kwa ncha ya kidole, kisha akakifuta kile kidole kwenye karatasi kama mtu aliyegusa rangi mbichi.

"Mzee, kitambaa hiki mlikinunua wapi?"

"Sokoni," akasema Bata.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa anatoka jikoni na kopo la sukari. Akasimama mlangoni. Akamtazama mumewe, akalitazama kochi ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi kipande kwa kipande akiwa amepiga magoti, kisha akaweka sukari mezani na kukaa.

Daktari akatoa makaratasi yake. Akaeleza kwamba kuna kemikali zinazofanya vitambaa vikatae maji, na kwamba ubaya wake ni huohuo uzuri wake: hazikubali kuharibika. Haziozi ardhini, haziyeyuki kisimani, na zikiingia mwilini, mwili haujui uzipeleke wapi, basi zinakaa kwenye damu miaka na miaka.

"Kama wapangaji wasiolipa kodi," akasema Bata.

"Na huwezi kuwatolea vitu nje," akasema daktari.

Kisha akaja kwenye namba, kiasi cha kemikali hizo kwenye damu ya kila mtu. Watu wa mtaa wa juu, mbali na kiwanda, walikuwa na tano, sita. Wanaochota maji ya visima vilivyo kando ya mtaro wa kiwanda, thelathini. Wafanyakazi, hamsini, sitini. Bata alikuwa na tisini na moja. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuvuka tisini kwenye mtihani wowote, mwalimu wake wa hesabu angekuwepo angelia. Daktari akageuza ukurasa.

"Mama ana mia mbili na kumi na mbili."

Daktari akamuuliza Mama Pacha yuko kitengo gani kiwandani.

"Sijawahi kukanyaga kiwandani, mwanangu. Hata getini sijawahi kusimama."

Daktari akaandika jambo, akalikata, akaliandika tena. Akasema namba kubwa haina maana kwamba mtu ana kansa. Maana yake ni kwamba hatari kwake ni kubwa kuliko kwa mwingine, hasa kansa ya figo, na kwa wanaume, ya korodani. Kwa hiyo wote wawili waje hospitali wiki ijayo wapimwe.

"Hizo zangu msisumbuke nazo," akasema Bata. "Zina ushahidi wa pacha."

"Ushahidi wa miaka thelathini iliyopita," akasema Mama Pacha.

Daktari alipoondoka, Mama Pacha aliokota kikombe, akafuta chai sakafuni. Akainuka na kitambaa cha kufutia mkononi.

"Sokoni?" akamuuliza mumewe.

"Ulitaka niseme nini?"

"Sijui. Ulikuwa umefungua mdomo tayari, ukweli nao ungepita hapohapo."

Ukweli ulikuwa huu. Kila jioni tangi likisafishwa, mabaki ya dawa yalibaki chini, madumu mawili matatu, na amri ilikuwa yamwagwe kwenye mtaro nyuma ya stoo. Bata, aliyelelewa na mama aliyekuwa akikung'uta mfuko wa chumvi hadi punje ya mwisho, aliona dhambi. Akaanza kurudi nyumbani na dumu la lita tano ndani ya mfuko wa chakula. Mlinzi wa getini alijua, na koti la mlinzi lilikuwa haliingizi maji. Jumapili Bata alikuwa akichovya uani kwenye beseni: mapazia, godoro, mabegi ya shule, viatu vya mama mkwe. Majirani wakaanza kuleta vya kwao, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo waliacha sabuni, waliacha mayai. Ndani ya miaka michache mtaa mzima ulikuwa haulowi.

Ila dawa ile bila moto haishiki, ukifua mara moja imekwenda. Kiwandani kitambaa kikitoka tangini kinapitishwa kwenye tanuri refu lenye bomba la kutolea mvuke nje. Nyumbani tanuri lilikuwa Mama Pacha na pasi yake. Kila Jumapili, chumbani, dirisha limefungwa ili vumbi lisinase kwenye nguo mbichi, alipiga pasi mpaka mvuke unamfunika uso. Ulikuwa na harufu tamutamu, kama ndani ya gari jipya. Alikuwa akisema, kwa kuwa gari hatutanunua, angalau tunanusa.

*

Hospitali Bata aliingia kwanza. Daktari wa kiume, kijana mwenye mikono ya baridi kama amechinja samaki, akamwambia ateremshe suruali. Bata akamwambia katika umri wake mambo hayo huanza kwa salamu. Akaambiwa akohoe, akakohoa. Akaambiwa tena, akauliza kama anapimwa korodani au kifua kikuu. Daktari alicheka mpaka akalazimika kuanza upya kazi yake. Ziko salama, akasema mwishowe. Figo nazo zikapigwa picha, zikawa salama.

Akatoka nje anafunga mkanda, ana vichekesho vitatu tayari vya kumsimulia mkewe. Mama Pacha alikuwa anatoka chumba cha pili, anajifuta mafuta ya kipimo tumboni kwa pindo la gauni kwa sababu karatasi za kufutia zilikuwa zimeisha.

"Mimi mzima," akasema Bata. "Wewe je?"

"Wamesema watapiga simu."

Akamsimulia kile kichekesho cha kukohoa. Mkewe akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayetabasamia mgeni.

*

Jioni ya Jumatano akaja shemeji, mdogo wake Mama Pacha, mkata vitambaa kiwandani hapohapo. Mwaka uliopita alitolewa figo ya kushoto, ina uvimbe, na aliporudi akajipa mwenyewe jina la Figo Moja kabla watu hawajampa baya zaidi. Yeye na wenzake thelathini na kitu walikuwa wameandika barua: kiwanda kisafishe mtaro na kigharamie vipimo na matibabu. Matokeo ya damu ndiyo yalikuwa silaha yao.

Sasa ile silaha ilikuwa imegeuziwa wao. Alisema kiwanda kimepata nakala ya namba, bila majina, na kesho meneja ameita mkutano bwaloni. Karani amemnong'oneza kitakachosemwa: kwamba namba kubwa kuliko zote ni ya mama wa nyumbani ambaye hajawahi kugusa kitambaa cha kiwanda. Basi sumu haitoki kiwandani. Inatoka majumbani mwa watu, na barua iende jalalani.

Bata akasema meneja apewe kazi ya kutunga hadithi. Figo Moja hakucheka.

"Nimebakiwa na moja, shemeji. Siwezi kuitumia kuchekea." Kisha akashusha sauti, ingawa nyumba nzima walikuwa watatu. "Mtaa mzima unajua. Begi la mwanangu ulilichovya wewe. Lakini hakuna atakayekutaja, tumekubaliana."

"Mmekubaliana lini?"

"Hatukukaa kikao. Mambo kama haya watu wanakubaliana kwa kunyamaza."

Bata akajikuna kisigino. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Mtu anayekutwa ameiba mali ya kampuni haagwi, anasindikizwa, na kiinua mgongo kinabaki kuinua migongo ya wengine. Figo Moja aliyajua hayo, hakusema zaidi. Alipofika mlangoni akamgeukia dada yake, akamuuliza kama hospitali wamepiga simu.

"Kunywa chai yako kwanza, imepoa," akasema Mama Pacha. Figo Moja alikuwa amekwishavaa viatu.

*

Asubuhi ya mkutano meneja alimwita Bata ofisini. Akamwambia, "Kaa, mzee wangu." Miaka ishirini na mbili Bata alikuwa akiingia ofisi ile kwa kusimama, hakujua hata kiti chenyewe kinazunguka, alipokaa kikamgeuza akatazama ukuta. Meneja akamrudisha taratibu kwa mkono, kama mtoto kwa kinyozi. Akasema hamtaki jambo kubwa. Mkutanoni atamwomba asimame, aseme maneno mawili: nimekaa na dawa hii miaka yote, mimi mzima. Basi. Na mambo yake ya kustaafu atayasimamia yeye mwenyewe, yaende haraka.

"Si ni kweli u mzima?" akauliza meneja.

"Nimepimwa mpaka pasipopimwa," akasema Bata, na wote wawili wakacheka, na Bata akatoka akijichukia kidogo kwa sababu kichekesho kilikuwa kizuri.

Bwaloni watu walijaa, wafanyakazi upande mmoja, watu wa mtaa upande wa pili, na daktari wa vipimo nyuma kabisa amesimama. Mama Pacha alikaa mstari wa mbele. Alivaa gauni la bluu la maua. Bata alilitambua. Alilichovya mwenyewe, mwaka ule wa mvua nyingi, akamwambia mkewe sasa na wewe ni bata jike.

Meneja aliongea vizuri, alikuwa amesomea. Akaonyesha namba ukutani, moja moja, hadi mia mbili na kumi na mbili ilipotokea peke yake, nyekundu, kubwa kama mlango. Akasema hatataja jina. Vichwa vyote vya mtaa vikamgeukia Mama Pacha.

"Huyu mama hajawahi kuingia hapa," akasema meneja. "Tujiulize, kwa heshima zote, anajipaka nini huko nyumbani? Anapikia sufuria gani? Vipodozi siku hizi vina mambo."

Mtu upande wa nyuma akacheka. Mama Pacha, ambaye usoni alikuwa hapaki kitu zaidi ya maji ya kunawia, alitazama mbele tu. Shingo ilimsimama. Bata aliijua shingo ile. Ilisimama hivyo siku pacha walipozaliwa, na mkunga alimwambia asilie.

Meneja akasema, sasa tumsikie mzee wetu. Bata akasimama. Mbele yake kulikuwa na meza, na mezani jagi la maji na bilauri sita. Alifungua mdomo na kichekesho kikaja, kama kawaida, kimoja juu ya korodani, kingeangusha bwalo zima. Akakifungia mdomo. Miguu ikampeleka mezani. Akachukua jagi, akaenda hadi mstari wa mbele, na akalimimina lote mapajani kwa mkewe.

Bwalo likapiga yowe. Figo Moja akaruka kutoka kitini kumshika. Mama Pacha hakuinuka hata kidogo. Maji yalijikusanya juu ya maua ya bluu, yakawa shanga, yakabingirika magotini, yakamwagika sakafuni hadi kwenye viatu vya meneja. Gauni likabaki kavu.

Watu wakatazama dimbwi.

"Umemaliza kucheza?" akasema Mama Pacha, sauti ya kawaida, kama wako jikoni. "Sasa sema."

"Dawa yenu hii," akasema Bata. "Mimi niliiba. Kila siku dumu moja. Nilichovya, na huyu akapiga pasi, dirisha limefungwa, miaka kumi na nane. Hajipaki kitu. Nilimpaka mimi."

Meneja akasema kwamba, kumbe, wote wamesikia, huyu ni mwizi.

"Mwizi, ndiyo," akasema Bata. "Lakini niulizeni niliiba nini. Niliiba ile mliyoniambia nimwage mtaroni. Dumu moja nilibeba. Yale mengine niliyamwaga kama nilivyoamriwa, kila jioni, na mtaro unapita kisimani kwenu nyote. Mkitaka kuniadhibu, hesabuni na ya mtaroni."

Nyuma kabisa daktari alikuwa anaandika, na safari hii hakukata kitu.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyemsindikiza Bata zaidi ya mkewe, na mkewe alitembea hatua mbili mbele. Walipofika kwenye daraja la mtaro akasimama.

"Walipiga simu Jumanne."

"Leo Alhamisi."

"Nilikuwa nasubiri nijue nalala na mwanamume gani." Akaegemea ukingo. "Kuna kitu kwenye figo ya kulia. Kidogo, kama punje ya harage. Wanasema kinaweza kuwa si chochote. Niende tena baada ya miezi mitatu waone kama kimekua."

Bata akaegemea ukingo kando yake. Chini maji ya mtaro yalipita na povu lake jeupe, zuri, lisilopasuka.

"Usiniambie kichekesho," akasema Mama Pacha.

"Sina."

"Basi leo ndiyo siku ya kuandika ukutani."

Akamshika mkono ili avuke naye, kwa sababu daraja lile lilikosa ubao wa tatu, na Bata tangu zamani alikuwa haoni vizuri akilia.

*

Barua ya kiwanda ilikuja Jumatatu. Amefukuzwa. Na zaidi: anaagizwa kurudisha mali yote ya kampuni aliyoichukua, kabla ya Ijumaa saa kumi, la sivyo sheria itafuata mkondo wake. Figo Moja aliisoma kwa sauti, akatukana, akasema wanasheria wa kiwanda hawana haya. Mama Pacha akaomba aisome tena pale penye neno "yote".

"Yote," akasoma Figo Moja.

Mama Pacha akaenda chumbani. Wakasikia kitanda kikiburutwa.

Wiki ile walikuwa tayari wanahangaika namna ya kulitupa godoro. Daktari alisema vitu vile visikae ndani, visichomwe, visitupwe kisimani wala shambani. Bata alimuuliza, sasa vitupwe wapi, na daktari, msichana msomi yule, alisema hata wakubwa zake hawajui. Kumbe kiwanda chenyewe kilikuwa kinavihitaji.

Ijumaa saa tisa Bata alitoka na godoro kichwani. Mama Pacha nyuma, mapazia manne na gauni la bluu. Figo Moja na jirani wakabeba kochi. Hawajafika kona, mtu akatoka na begi la shule. Mwingine na kitambaa cha meza. Bibi mmoja akaja na viatu, akauliza kama na viatu vimo, akaambiwa vimo, akaendelea peku. Mpaka wanafika getini mtaa mzima ulikuwa njiani na makoti ya mvua mikononi, na wingu, kwa kuwa lina dharau zake, likaanza kunyunyiza. Hakuna aliyevaa.

Mlinzi alitoka kibandani. Akalitazama rundo linavyopanda nyuma ya gari la meneja, likaziba njia. Bata akampa ile barua. Mlinzi akaisoma hadi mwisho, akakuna kichwa, akasema barua ni halali, hana la kuzuia. Lakini taratibu ni taratibu: mali ikirudishwa lazima iandikwe kwenye daftari. Akaleta daftari, akaliweka juu ya godoro, akaanza. Godoro, moja. Kochi, moja. Mapazia, manne. Mabegi, thelathini na saba. Juu kule dirishani meneja alionekana akipiga simu, akizunguka na kiti chake. Mlinzi alipofika kwenye makoti alisita, akavua la kwake, akalitupa juu ya rundo na kulihesabu pamoja na mengine. Mvua ikamlowesha shati.

"Basi?" akauliza.

"Bado," akasema Mama Pacha. Akakunja mkono wa nguo hadi juu ya kiwiko, akauweka mkono wake uchi juu ya daftari, ndani ya kiwiko pale walipotoa damu. "Andika na hii."

Mlinzi akamtazama Bata kama anayeuliza ni mchezo gani tena. Bata akatikisa kichwa: huu si wake.

"Niandikeje, mama?"

"Damu."

Akaandika. Kalamu ilikuwa inateleza kwa maji. "Kiasi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

Akaandika na hiyo. Kisha akaligeuza daftari, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi, pale palipoandikwa kwamba aliyetajwa hapo juu amerudisha mali yote ya kampuni na hadaiwi kitu. Mama Pacha akaichukua kalamu. Akasoma mstari ule polepole, midomo inacheza. Akamrudishia kalamu yake.

"Hapana, baba," akasema. "Hii bado ninayo."